Nchi Iliyoupa Msitu Kisogo

Atakaye kujua nilifikaje Kisogoni asinisumbue. Nilifika, na baadaye nilirudi, yatosha. Niliondoka Tanga na mzigo wa mablanketi baada ya kusikia kwamba iko nchi ya baridi isiyo na mablanketi, na mwenye mablanketi hahitaji sababu nyingine ya safari. Njiani nilitapika, nikapotea, nikajuta, na hayo yote hayamfai msomaji. Nianzie mpakani, ambako afisa mmoja mwenye pua iliyoiva kwa baridi alinivika kofia.

Kofia yenyewe ilikuwa na mabawa mawili ya ngozi yaliyoshuka kando ya macho, kama avikwavyo punda wa mkokoteni. Nikamwuliza ni ya nini. Akanieleza kwa upole kwamba upande wa kaskazini wa nchi yao uko msitu, kwamba wanaupenda msitu huo kuliko kitu chochote walicho nacho, na kwa sababu hiyo ni marufuku kuutazama.

"Kuutazama tu?" nikauliza.

"Ndiko kunakoanza," akasema. "Mtu hutazama, akishatazama hutamani, akishatamani hukata. Sisi tumelikomesha jambo mwanzoni kabisa."

Kwetu tunalikomesha mwishoni, mti ukishakuwa mkaa. Nikaiweka sawa kofia yangu nikapita.

Nyumba za Kisogoni hazina dirisha upande wa kaskazini. Barabara zikielekea huko, watu huzipita kinyumenyume, wazee kwa watoto, na wamezoea hata hawajikwai. Kwetu tuna msemo, akupaye kisogo si mwenzio. Ukiusema msemo huo kule utashitakiwa kwa matusi, kwa maana kisogo ndiyo heshima yao kubwa. Bwana harusi humpa bibi harusi kisogo siku ya ndoa. Mama akimlaza mtoto humgeuzia mgongo asije akammaliza kwa macho. Mpishi anayejiheshimu haangalii chungu chake, ndiyo maana muda wote niliokaa kule nilikula ukoko.

Katikati ya mji pana sanamu ya gubi. Gubi ni mnyama asiyepatikana popote duniani ila katika msitu ule, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona, wanamjua vizuri sana. Niliambiwa kwamba zamani sanamu ile ilikuwa ya mnyama wa kiasi tu. Lakini kila waziri mpya wa msitu humwongezea kiungo, ili ionekane kwamba yeye anamjali gubi kuliko yule aliyemtangulia. Nilipofika mimi, gubi alikuwa na pembe za nyati, mabawa, mkia wa samaki, na meno ya kuwatosha simba watatu. Mafundi walikuwa juu ya ngazi wakimfungia nundu.

Waziri wa wakati huo, Mheshimiwa Stahabu, alikuwa mtu mwembamba mwenye machozi ya karibu. Mpinzani wake alikuwa Bwana Mfyeko, mfanyabiashara wa mbao, mnene, mcheshi, mwepesi wa kushika mkono wa mtu. Niliwasikiliza wakibishana katika bunge lao, nami nikiwa nimeketi kwenye viti vya wageni na kofia yangu.

"Msitu umekwisha siku nyingi," alisema Bwana Mfyeko. "Kama ungekuwepo, si angekuwepo hata mtu mmoja aliyeuona? Na sheria yetu iko wazi. Ardhi isiyo na msitu ni halali kuuzwa."

"Msitu upo," alijibu Waziri, "na ushahidi wake ni huo huo, kwamba hakuna aliyeuona. Kuna msitu gani mwingine duniani uliotunzwa kiasi hicho?"

Bunge lilipiga makofi, halafu likampigia makofi na Bwana Mfyeko, maana walikuwa watu wa haki. Nilinyoosha mkono nikauliza kwa nini wasimtume mtu mmoja akachungulie. Waliniangalia kama niliyepengea kamasi kwenye pilau. Bwana Mfyeko na Waziri Stahabu, ambao hawakuwa wamekubaliana juu ya jambo lolote tangu ujana wao, walikubaliana palepale kwamba nikae kimya.

Mwenyeji wangu alikuwa Bi Sengela, mwanamke mtu mzima, mpana wa mabega, mwenye sauti ya chini. Alinikuta sokoni, akalipapasa blanketi moja, akasema limefumwa na mtu mwenye subira, akanichukua kwake. Kazi yake ilikuwa ulinzi wa msitu. Kati ya nchi na msitu upo ua wa mawe unaomfikia mtu kifuani, na walinzi husimama wakiuegemea kwa mgongo, nyuso zao zikielekea mjini. Humlinda gubi kwa kuwaangalia watu. Bi Sengela alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu akiwa mwari, na hakuwahi kugeuka.

Nilikuwa nikimtania kwa kazi hiyo ya kulinda asichokijua, mpaka asubuhi moja, tukiota moto, aliponijibu.

"Namjua," alisema.

"Unamjua nani?"

"Gubi. Asubuhi za baridi kali huja. Simsikii akija. Nasikia tu pumzi hapa, shingoni." Akajigusa kisogo chini ya kilemba. "Pumzi ya moto, ina harufu ya majani yaliyolowa. Hukaa kidogo, kisha huenda zake. Hajanigusa hata siku moja, nami sijageuka hata siku moja. Tumeheshimiana hivyo maisha yetu yote, mwanangu. Nilipofiwa na mume wangu nilirudi kazini nikiwa kama gogo, naye akaja. Nilipomwoza binti yangu kule mbali, akaja. Kuna watu wa damu yangu hawakuja."

Nikaona haya kwa utani wangu. Nikamwuliza kama mwaka huu amekuja.

"Mwaka huu hajaja," alisema, akaanza kuchokoa moto ambao haukuhitaji kuchokolewa.

Mwaka huo Waziri Stahabu alikuwa ameleta utaratibu mpya wa ulinzi. Tatizo lilikuwa kwamba mkaguzi hawezi kumkagua mlinzi bila kuuona msitu ulio nyuma ya mlinzi. Basi Waziri akaamuru njuga zishonwe kwenye kola za makoti ya walinzi wote. Mlinzi akigeuka, njuga hulia mlio mrefu, na wakaguzi walio mbali husikia. Kweli mlinzi akitetemeka hulia pia, na akipiga chafya, na akicheka, hata asubuhi za baridi ua mzima ulikuwa ukilia kama ngoma ya harusi. Lakini wakaguzi walifunzwa kutofautisha, na Waziri alimwongezea gubi nundu kwa kuuadhimisha utaratibu huo.

Siku ya tukio nilimpelekea Bi Sengela uji zamuni kwake. Ukungu ulikuwa umelala mpaka mjini, na baridi ilikuwa ya kuuma meno. Nilisimama mbele yake huku kofia ikinibana na macho nikiyainamisha chini kama sheria inavyotaka, yeye akinywa, njuga zake zikilia kidogo kidogo. Ndipo ikasikika sauti nyuma ya ua, kutoka mbali. Ko. Ko, ko, ko.

Bi Sengela aliacha kunywa.

"Shoka," alisema.

"Huenda si shoka," nikasema, ingawa nami niliwaza shoka.

Ko, ko, ko.

"Wanaukata. Ndiyo maana haji. Wanaukata nami nimeupa mgongo." Akanikabidhi bakuli, taratibu, kama mtu anayetaka mikono yake iwe mitupu. Kisha akageuka.

Njuga zililia mlio mrefu. Alitazama kwa muda wa kuvuta pumzi moja, akarudi kunitazama mimi, na uso wake sikuweza kuusoma. Wakaguzi walikuja mbio, kinyumenyume, wakamkamata kwa kupapasa, baada ya kunikamata mimi kwanza kwa makosa.

Nilimtembelea mahabusu. Alikuwa ameketi na koti lake la kazi, njuga na yote, kwa maana ni mali ya serikali na haivuliwi bila hukumu. Nikamwuliza aliona nini.

"Ukungu," alisema.

"Na nini kingine?"

"Ukungu, mwanangu. Mweupe, toka juu hadi chini. Sikuona mti, sikuona kisiki, sikuona kitu. Nimevunja ahadi ya maisha yangu yote ili nione ukungu."

Mara akaingia Bwana Mfyeko mwenyewe, ameshika chupa ya chai na mkate wa asali. Alikuwa amejitolea kumtetea bure. Akamshika mkono, akamwita dada, akamweleza sheria, na ilikuwa sheria nyepesi. Aliyeutazama msitu ana hatia, na adhabu yake ni kutupwa nje ya nchi asirudi. Lakini kama hapakuwa na msitu wa kutazamwa, hapakuwa na kosa.

"Sikuombi useme uongo, dada yangu," alisema. "Sitaki kabisa. Ukiulizwa uliona msitu, sema kweli, hukuona. Utalala kwako jioni hiyo hiyo."

"Na msitu?" akauliza Bi Sengela.

"Msitu gani?" akasema Bwana Mfyeko, akamkatia mkate.

Bwana Mfyeko akatoka. Hesabu ilikuwa mbele yetu, haikuhitaji msomi. Akisema hakuona, atakuwa huru, na mahakama itakuwa imetamka kwamba msitu haupo. Wiki haitakwisha kabla ya misumeno ya Bwana Mfyeko kuruka ua. Akisema ameuona, msitu utakuwa umethibitishwa, nao hautauzwa kamwe, ila yeye atatupwa. Nimeona ukweli ukipuuzwa na nimeona ukifichwa, lakini ilikuwa mara yangu ya kwanza kuuona ukitumwa kuiba.

Nakiri nilimsihi aseme hakuona. Nilikuwa nimempenda kama mama mdogo. Tena sheria yao inasema mgeni hufuata adhabu ya mwenyeji wake, jambo ambalo yule afisa wa mpakani hakuona haja ya kunitajia.

"Na kama hakuna kitu kule?" nikamwambia. "Kama ni visiki vitupu? Utakuwa umejitupa kwa ajili ya ukungu."

"Huenda," alisema. Akanipa nusu ya mkate wa Bwana Mfyeko, nami nikaula, maana ulikuwa mzuri.

Mahakama ilijaa mpaka madirishani, yale ya kusini. Waziri Stahabu ndiye aliyekuwa mshitaki, na alikuwa katika hali ya kusikitisha. Kazi yake ilikuwa kuthibitisha kwamba mwanamke yule ameuona msitu, naye hakuwa na shahidi, kwa kuwa shahidi angekuwa mshitakiwa mwenzake. Alisema maneno mengi juu ya urithi na vizazi, akalia, akakaa. Bwana Mfyeko akasimama, akasema kwa sauti ya huruma kwamba mteja wake ni mama mnyonge aliyegeuka akaona hewa, na tangu lini hewa ikawa kosa. Watu walicheka. Niliwaona waliokuwa wakiupenda msitu wakitamani mama yule apatikane na hatia, na waliotaka kuukata wakimwombea uhuru, na kila upande ukijiona una utu.

Jaji alikuwa mzee mwenye mafua. Akamwita Bi Sengela mbele.

"Mama, uligeuka?"

"Niligeuka, mheshimiwa."

"Ulipogeuka, uliona msitu?"

Njuga zake zililia kidogo, na sijui kama ni baridi. Bwana Mfyeko alimtabasamia. Bi Sengela aliangalia mikono yake, kisha akainua kichwa.

"Niliuona," alisema. "Miti yake imesongamana. Gome la mti wa mbele lina majani laini, ya kijani, kama zulia. Kuna kangaga chini, na maji yanapita mahali, sikuyaona ila niliyasikia. Ni mzuri, mheshimiwa. Ni mzima."

Nimesikia watu wengi wakiapa mahakamani, na huo ndio uongo pekee nilioupigia dua uwe kweli.

Jaji alipenga kamasi, akasoma hukumu. Mahakama imethibitisha kwamba mshitakiwa aliuona msitu. Kwa hiyo msitu upo. Kwa hiyo ardhi ile haiuzwi, leo wala milele, na atakayeleta tena hoja hiyo bungeni atakuwa ameidharau mahakama. Kwa hiyo pia mshitakiwa ana hatia. Bwana Mfyeko alikaa, na kwa kuwa hakuangalia, alikalia kofia yake.

Kisha watu wote wakasimama. Nilidhani wanamzomea, kwa maana bila neno, safu kwa safu, walimgeuzia migongo. Wakaguzi wakageuka, wauza mboga wakageuka, jaji akageuka pamoja na kiti chake. Damu ikanipanda kichwani. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kuwatukana nilipokumbuka niko nchi gani. Waziri Stahabu aligeuka wa mwisho, na mabega yake yalikuwa yakitikisika. Bi Sengela alisimama peke yake mbele ya visogo vyote vile, akalia kwa sauti, na mimi niliyekuwa peke yangu mwenye kumtazama usoni nikalia naye. Kisha nikakumbuka adabu, nikageuka na mimi.

Kutupwa nje ya nchi, huko Kisogoni, kuna maana moja. Macho yaliyouona msitu hayawezi kurudi kwa watu, basi aliyeutazama hutolewa kwa mlango ulio kwenye ua, upande wa kaskazini. Mlango huo haukuwa umefunguliwa tangu ulipojengwa. Walimvua koti la serikali na njuga zake, nami nikamvika blanketi langu zito kuliko yote, nikabeba yaliyobaki. Walinzi walitusindikiza kinyumenyume, wakitusukuma kwa migongo yao na kunikanyaga vidole, huku mmoja wao akimwomba Bi Sengela radhi njia nzima. Mlango ukafungwa nyuma yetu.

Mbele palikuwa na ukungu, mweupe toka juu hadi chini, kama alivyosema.

Nilivua kofia yangu ya punda, nikaona ukungu zaidi. Tulishikana mikono tukaenda, na nasema wazi kwamba niliogopa. Sikuogopa chui. Niliogopa kisiki. Kila nilipoinua mguu nilitarajia kugonga kisiki, na baada yake kingine. Bi Sengela alitanguliza mkono wake mmoja mbele, kama kipofu. Kisha akasimama ghafla.

"Nini?" nikauliza.

Alichukua mkono wangu akauweka mahali. Palikuwa baridi, palilowa, na palikuwa laini kama zulia. Chini ya ulaini huo niligusa gome, na gome lilipanda juu mbali kuliko mkono wangu.

Tulisimama tukiupapasa mti ule kama wendawazimu, halafu wa pili, halafu wa tatu, na kadiri jua lilivyopanda ukungu ukajikunja, nao msitu ukatoka. Miti mingine ilikuwa imepukutisha majani, mekundu na ya manjano, yamelala ardhini kufika kwenye vifundo vya miguu. Mingine ilikuwa ya kijani kizito, yenye majani membamba kama sindano, umande ukiganda kwenye ncha zake. Palikuwa na kangaga. Palikuwa na kijito, kinapita chini ya barafu nyembamba, kinasikika kabla ya kuonekana. Kumbe yule mama hakusema uongo, alitangulia tu.

Ko. Ko, ko, ko.

Tulitazama juu. Kwenye mti mmoja mkavu alikuwapo kigong'ota, kichwa chekundu, anatoboa gogo kwa hasira zake mwenyewe. Bi Sengela alimwangalia, akaniangalia mimi, kisha akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani. Na alipokaa, kwa mazoea ya maisha yake yote, aliuegemea mti na kuupa msitu kisogo, uso wake ukiwa umeelekea tulikotoka. Nikakaa mbele yake kwa kumkabili. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona ametulia bila ile sauti ya chuma shingoni.

Ndipo yale majani yaliyorundikana nyuma yake yakasimama. Nilidhani ni upepo. Lakini rundo lilikuwa na masikio, yaliyolegea, na pua yenye unyevu, na macho ya mtu aliyeamshwa mapema. Hakuwa na pembe wala bawa wala nundu. Alikuwa na ukubwa wa ndama, manyoya ya kijivu yameota majani laini yale yale ya kwenye magome, na kwa sura, kusema kweli, alikuwa wa kawaida sana. Aliuzunguka mti bila kishindo, akainamisha kichwa, akapumua kwenye shingo ya Bi Sengela. Niliuona mvuke.

Bi Sengela alifumba macho. "Ni zile njuga," alisema polepole. "Alikuwa akiziogopa njuga."

"Geuka, mama," nikanong'ona. "Sasa ni halali. Umeshahukumiwa."

"Ngoja kidogo," akasema, huku machozi yakimtoka. "Asije akaniona sina adabu."

Basi tukangoja, mimi na yeye na gubi, mpaka shingo yake ilipopata joto la kumtosha. Kisha akageuka.